Elfu Thelathini na Thelathini na Moja

Mwalimu wa hisabati alitugawia namba kama wageni wanavyogawiwa kwenye mkutano wa injili: wewe chukua huyu, wewe chukua yule, msibishane. Alipita katikati ya madawati na kipande cha chaki, akaandika mbele ya kila mwanafunzi namba yake. Akasema hao ni wageni wetu mpaka mwisho wa mwezi. Tukae nao, tuwachunguze, tujue wanagawanyika kwa ngapi na kwa ngapi wanakataa, kisha kila mmoja atasimama mbele amtambulishe mgeni wake.

Jirani yangu wa dawati alipata 30,030. Mimi nikapata 30,031.

Darasa zima likaanza kutazamana namba. Mimi nilibaki na neno moja tu kichwani: atasimama.

Lazima niseme ukweli hapa, maana naandika kwa ajili hiyo. Mimi si mtu wa kusimama. Nilikuwa kidato cha tatu, na tangu kidato cha kwanza nilikuwa sijawahi kusema kitu darasani zaidi ya kuitikia jina asubuhi, tena kwa sauti ambayo mwalimu mmoja aliwahi kuniandika sikuja huku ananitazama. Sikumsahihisha. Na kusimama kwenyewe kulikuwa ni kusimama kwa Kiingereza, kwa sababu shuleni Kiswahili kilikuwa na kibao chake: ukikamatwa unaongea Kiswahili unavishwa kipande cha ubao chenye kamba, unatembea nacho shingoni mpaka umkamate mwenzako. Juu ya hayo, sisi tuliokulia vijiji vya ziwani upande wa Mara, tukiogopa, "r" na "l" zinahamiana nyumba. Nikiwa na mama mdogo jikoni nazitamka vizuri. Mbele ya watu arobaini siwezi kuahidi.

Mwalimu akarudi mbele, akapangusa vidole.

"Kama mgeni wako ana vigawanyo, utavitaja vyote na utueleze tabia zake," akasema. Haya yote aliyasema kwa Kiingereza, naandika nilivyoelewa. "Kama ni namba tasa, kazi yako ni fupi. Utasema namba yangu ni tasa, utakaa."

Nikainua kichwa. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza mwalimu yule kuyaona macho yangu.

Wasichana wenzangu mwaka ule walikuwa wanataka viatu vya mtumba vyenye soli nene, maana mitumba ilikuwa imejaa mjini na kila mtu alikuwa ghafla na mguu wa Ulaya. Mimi nilitaka namba tasa. Nilitaka 30,031 isigawanyike kwa kitu chochote duniani, nisimame, niseme sentensi moja, nikae, maisha yaendelee.

Mwalimu alitupa na njia. Jaribu kugawanya kwa namba tasa moja baada ya nyingine, mbili, tatu, tano, saba, uendelee hivyo hivyo mpaka ufike kwenye ile ambayo ukiizidisha kwa yenyewe inaipita namba yako. Hapo simama, kwa sababu kama kigawanyo kingekuwepo kingeshajitokeza. Kwangu mwisho ulikuwa mia moja sabini na tatu. Akakataza kalkuleta, ambazo siku hizo zilikuwa zinauzwa mpaka kwenye vibanda vya betri na nyembe.

"Atakayekuja na kalkuleta," akasema, "aje na mzazi wa kalkuleta."

Jirani yangu wa dawati ni msichana anayeongea mpaka na mkebe wake wa hesabu. Kabla kengele haijalia alikuwa ameshaanza kunitangazia.

"Wangu anakubali mbili. Anakubali tatu. Tano ndiyo usiseme, ana sifuri mwishoni. Wako?"

"Sijaanza."

"Wako ni wangu aliyeongezewa moja. Ndugu kabisa. Lazima atafuata tabia."

"Labda."

"Saba anakubali! Wewe, huyu mgeni hana makuu, anakaa popote."

Nilikuwa nashangilia kimoyomoyo. Kama wake anagawanyika kwa saba bila kubaki kitu, wangu aliyezidi moja lazima abakize moja. Kila alipopata kigawanyo yeye, mimi nilipata usalama. Akapata kumi na moja. Akapata kumi na tatu. Akaniangalia, akaniuliza mbona natabasamu peke yangu. Nikamwambia sitabasamu.

Kwa hiyo, kwa mbili, tatu, tano, saba, kumi na moja na kumi na tatu, namba yangu ilibakiza moja, moja, moja, moja, moja, moja. Nikaipenda. Ilikuwa kama mimi kwenye mchezo wa kuchagua timu.

Nilikuwa nakaa Igogo kwa baba mdogo, mdogo wake baba, na mkewe. Mama mdogo ana meza ya nyanya soko la Mirongo, na Jumamosi huwa namsaidia kupanga mafungu. Kuita wateja kulishanishinda, akaniacha nipange. Fungu lake ni nne chini na moja juu, na ile ya juu anaigeuza upande mzuri uangalie barabara. Nilimweleza habari ya mgeni wangu kwa sababu aliniuliza mbona nahesabu kwa midomo.

"Elfu thelathini na ngapi?"

"Na thelathini na moja."

"Nyanya?"

"Namba tu, mama mdogo."

"Namba ya nini?"

"Si ya kitu."

"Ada inalipwa kwa namba ambazo si za kitu." Akapulizia vumbi nyanya moja. "Sema ni nyanya nitakuelewa. Mafungu ya tano tano?"

"Inabaki moja."

"Ya saba?"

"Moja."

"Ya kumi na tatu, kwa watu wa harusi?"

"Moja."

Akasimamisha mikono. "Hiyo si baki, hiyo ni nyongeza."

Asiyelijua soko lile nimweleze. Hakuna mteja anayeondoka na fungu peke yake. Ukishamfungia, unaweka na moja ya juu, bure, ndiyo nyongeza. Usipoweka, hasemi kitu. Anabaki amesimama, anaangalia pembeni kama mtu anayesubiri ndugu yake, na atasimama hapo mpaka uchoke wewe.

"Aliyeitengeneza hiyo namba alikuwa mfanyabiashara," akasema mama mdogo. "Upange fungu lolote, nyongeza ipo. Wenyewe mnaiitaje?"

"Namba tasa. Kama ni kweli haigawanyiki."

"Inatoa nyongeza kila unapoigusa halafu mnaiita tasa. Wasomi mna midomo. Na ya kumi na saba?"

"Inabaki tisa."

"Fungu la kumi na saba nani anauza? Hapo umeshatoka sokoni. Ishia hapo."

Kidogo niishie hapo. Zile moja sita zilikuwa zimenipa imani kubwa, na ile tisa ilinitia shaka kwa sababu haikufanana na wenzake. Lakini mwalimu alisema mpaka mia moja sabini na tatu, nikaendelea jioni kwa jioni: kumi na tisa ikabakiza kumi na moja, ishirini na tatu ikabakiza kumi na sita, ishirini na tisa nayo kumi na sita, nikaanza kuchoka. Nilipofika hamsini na tatu nilikuwa nagawanya mpaka ndotoni.

Ndipo baba mdogo alipojitolea.

Baba mdogo alikuwa mtunza ghala kwenye kiwanda cha umma kwa miaka mingi, mpaka kiwanda kilipoanza kutafutiwa mwekezaji na wafanyakazi wakapunguzwa. Tangu hapo alikuwa amejaribu kila kitu ambacho biashara huria inaruhusu. Alianza na barafu za maji ya rangi, umeme ukamkatikia. Akafungua banda la video, mkanda ukanasa ndani ya mashine na haukutoka tena. Mwezi ule alikuwa na viatu vya mtumba; alifungua robota lake akakuta vingi ni vya mguu wa kushoto. Lakini ukimgusa kwenye kugawanya kwa njia ndefu, alikuwa bado ana ofisi yake kamili.

"Nipe zilizobaki," akasema. "Mimi nimehesabu bolti za kiwanda kizima."

"Ni nyingi, baba mdogo."

"Bolti zilikuwa chache?"

Nikampa kuanzia hamsini na tisa mpaka mwisho. Alichukua kalenda ya mwaka uliopita, akaigeuza upande mweupe, akaenda kukaa juu ya jiwe kubwa nyuma ya nyumba, penseli sikioni. Hakwenda kufungua kibanda. Mteja mmoja alikuja mpaka nyumbani kutafuta kiatu cha kulia.

"Rudi kesho," mama mdogo akamwambia. "Leo yuko ofisini."

Aliporudi alikuwa na jasho la heshima. "Hakuna hata moja iliyogawanya. Zote zimebakiza."

"Hamsini na tisa je?"

"Moja."

Nilifurahi. Moja, kama zile za mwanzo. Nilitakiwa nirudie mwenyewe, najua. Lakini mtu aliyeletewa habari anayoitaka haulizi mara mbili, na tayari nilikuwa nimeshaanza mazoezi ya sentensi.

Mazoezi niliyafanyia ziwani, upande wanakoanika dagaa, ambako asubuhi kuna korongo wamesimama kama wazee wa baraza waliokosa viti. Nilisimama mbele yao nikasema sentensi yangu ya Kiingereza. Tatizo, lile neno la Kiingereza la namba tasa lina "r" mahali pabaya. Nililisema mpaka "r" ikakubali kukaa kwake. Korongo mmoja akafungua mdomo akaufunga. Nikaona nimefaulu.

Siku yenyewe hisabati ilikuwa kipindi cha mwisho. Jirani yangu akatangulia. Alimtambulisha 30,030 kama mtu anayemleta mchumba nyumbani. Akasema anagawanyika kwa namba tasa zote sita za mwanzo, kwamba ukizidisha hizo sita zenyewe kwa zenyewe unampata yeye kamili, wala huhitaji kuongeza kitu. Akaanza kutaja vigawanyo, akajaza ubao, akaomba ruhusa ya kufuta ili aendelee. Mwalimu akamwambia imetosha. Akakaa huku bado anataja.

Zamu yangu. Nikasimama. Nikasema sentensi. "R" ikakaa mahali pake. Nikakaa.

Sijui kama nitawahi kuwa na raha kama ile tena. Ilidumu kama muda wa kuvuta kiti.

"Umejaribu mpaka ngapi?" mwalimu akauliza.

Nikamwonyesha kwa kuandika hewani: 173.

"Vizuri. Hamsini na tisa ilibakiza ngapi?"

Nikainua kidole kimoja.

Mwalimu akanitazama kidogo, kisha akaunyoosha mkono wa chaki upande wangu, kama mtu anayempa mwenzake kikombe cha chai. "Njoo tuione hiyo moja."

Nikaenda ubaoni. Mgongo wangu wote ulikuwa unatazamwa. Nikaandika 30,031, nikaandika 59 pembeni. Mia tatu kwa hamsini na tisa, ni tano. Mia mbili tisini na tano, inabaki tano. Nikashusha tatu: hamsini na tatu, haitoshi, sifuri. Nikashusha moja: mia tano thelathini na moja. Hamsini na tisa mara tisa.

Ni mia tano thelathini na moja.

Niliiandika ile sifuri ya mwisho mwenyewe, kwa mkono wangu, na ilitoka duara nzuri kuliko zote nilizowahi kuchora. Juu yake jibu: 509. Hamsini na tisa mara mia tano na tisa. Mgeni wangu alikuwa na watoto wawili na mimi nimeshamtangaza tasa mbele ya darasa.

"Kwa hiyo?" mwalimu akasema.

Nilikuwa nimekuja na sentensi moja ya Kiingereza na hiyo ilikuwa imekufa. Nyingine sikuwa nayo. Nikafungua mdomo nikitegemea hakitatoka kitu, kikatoka Kiswahili.

"Mwalimu, sokoni hakuna fungu la hamsini na tisa."

Darasa likacheka. Mtu wa nyuma akasema, kwa Kiswahili hicho hicho, "Kumbe anaongea." Na mimi, sijui ni nini kilinipata, nikageuka nikamjibu: "Huwa sipati nafasi, nimekaa na huyu." Nikamwonyesha jirani yangu. Walicheka tena, na jirani yangu ndiye aliyecheka kwa nguvu zaidi.

Basi nikaendelea, kwa kuwa kunyamaza sasa kungekuwa kubaya zaidi. Nikaeleza mafungu ya mama mdogo, na nyongeza, na mteja anayesubiri ndugu yake. Nikaeleza baba mdogo juu ya jiwe, na mteja wa kiatu cha kulia. "L" na "r" zilihama zikarudi, wala sikuzifuata. Mwalimu akakaa kwenye ukingo wa meza.

"Sasa zile moja sita za mwanzo?" akauliza. Aliuliza kwa Kiswahili. Nadhani hakujigundua.

"Zile si bahati, mwalimu. Mgeni wa huyu anawakubali wote sita. Wangu ni yule yule amezidi moja, kwa hiyo kila mmoja wa wale sita lazima abakize moja. Hakuna kati yao anayeweza kuingia kwangu."

"Na kwa nini ulifikiri ni tasa?"

Nikafikiri. Nilikuwa sijawahi kufikiri nikiwa nimesimama. "Niliona sita wamekataliwa mlangoni nikajua hakuna atakayeingia. Lakini ilimaanisha tu kwamba atakayeingia si mmoja wa hao sita. Ni mkubwa zaidi yao. Ndiye huyu hapa."

"Rudia hiyo," mwalimu akasema, na nikairudia, na akaiandika ubaoni kwa Kiingereza pembeni ya sifuri yangu. Kengele ikalia nikiwa bado nimesimama mbele. Hakuna aliyekimbilia mlango.

Kiranja akaja na kibao. Hilo nililitegemea. Mwalimu akakitazama, akajitazama, akanivisha mimi. "Kiswahili chote kile na kibao ni kimoja tu," akasema. "Una bahati. Na huyu mia tano na tisa bado hatumjui. Jumatatu umtambulishe. Kwa Kiingereza."

Nilifika Igogo nimekificha kibao ndani ya sweta, kwenye jua lile. Baba mdogo alikuwa mlangoni anajaribu kumshawishi mtu kwamba viatu viwili vya kushoto, ukivizoea, vinakwenda. Aliponiona akamwacha.

"Ilikuwaje?"

"Hamsini na tisa, baba mdogo. Imekuja sifuri."

Akatoa penseli sikioni, akaitazama, akairudisha. "Hata mimi ilikuja sifuri."

"Sasa mbona uliniambia moja?"

"Nilijua nimekosea. Sikiliza, mwanangu. Miaka yote ghalani, hesabu haijawahi kukaa sifuri. Ukimpelekea mkaguzi hesabu iliyolala sawasawa, haina pungufu haina ziada, anavua koti. Anajua umeipika. Anafungua mpaka makopo ya rangi. Lakini ukimwachia kamoja kanaelea, bolti moja, gunia moja, anakaona mwenyewe, anafurahi, anakaandika, anakunywa chai, anaondoka."

"Kwa hiyo ukaweka moja."

"Za kwako za mwanzo zote zilibakiza moja. Nikaona ifanane na wenzake."

Mama mdogo alikuwa anaosha beseni uani. Akalisimamisha kwanza. "Ndiyo maana kiwanda kiliuzwa," akasema, akaendelea kuosha. Baba mdogo akarudi kwa mteja wake, ambaye kumbe alikuwa amejaribu vile viatu na alikuwa anatembea kwa mviringo.

Usiku wa Ijumaa hiyo hiyo nilimkalia mia tano na tisa. Safari hii mwenyewe, na kila sifuri niliahidi kuiamini. Mwisho wake si mbali: ukifika kumi na tisa umemaliza, kwa sababu ishirini na tatu kwa ishirini na tatu inampita. Mbili inabakiza moja, tatu inabakiza mbili, tano inabakiza nne. Saba, kumi na moja, kumi na tatu, zikakataa. Kumi na saba, kumi na tisa, zikakataa. Nikarudia zote kutoka nyuma kuja mbele.

Ni tasa. Kweli kabisa. Nimepata ile sentensi yangu moja.

Asubuhi Mirongo nilimwambia mama mdogo wakati napanga. Nne chini, moja juu. Jumatatu nasimama, nasema mia tano na tisa ni tasa, nakaa.

"Basi?"

"Basi."

Mteja wake alikuwa ameshafungiwa fungu, amesimama, anaangalia barabarani. Mama mdogo akachagua nyanya ndogo, akaiona ndogo mno, akaibadilisha, akamwekea.

"Darasa zima limekuja kukusikiliza," akasema, "unawapa hiyo moja unakaa. Bila nyongeza?"

Nikamwambia nitaangalia.